Novemba ni ya Jembe

Namtafuta mtu aliyechagua Novemba. Simtafuti kwa ubaya. Nataka tu aje Kikima, apande vilima vya Mbooni kwa matatu iliyojaa hadi mlangoni, ashuke sokoni asubuhi ukungu haujainuka, kisha nimfikishe nyumbani, nimkabidhi jembe na kumwonyesha mstari wake wa mahindi. Jioni, akifika mwisho wa mstari ameshika kiuno, nitamkalisha kwenye kigoda nimwambie: "Haya, pole na kazi. Sasa andika maneno 1,667."

Mtu mwenyewe namjua kwa jina. Ni Chris Baty, Mmarekani wa pande za San Francisco. Mwaka 1999 yeye na wenzake, jumla watu 21, walipeana mwezi mmoja kila mtu awe ameandika riwaya. Mwezi wenyewe ulikuwa Julai. Julai ningemwelewa. Julai huku kwetu kuna baridi ya kumfanya mtu mzima atafute kisingizio cha kukaa jikoni, na shamba halina haraka. Lakini mwaka uliofuata akauhamishia mchezo wake Novemba, na sababu aliitoa bila haya: kwao Novemba hali ya hewa ni mbovu, heri mtu akae ndani aandike.

Nilimsomea Mwaitu, mama yangu, maneno hayo akiwa ameinama kwenye maharagwe. Hakuinuka. Aliuliza tu, "Huyo, mama yake yu hai?"

Kwa asiyeijua Ukambani, nieleze. Tuna misimu miwili ya mvua, ila tunayoitegemea ni hii ya Oktoba hadi Desemba. Mbegu huingia ardhini Oktoba, wengine huzizika hata kabla ya tone la kwanza, na ikifika Novemba mahindi, maharagwe na mbaazi huwa vitani na magugu. Refa wa mchezo huo ni jembe. Sasa, chuoni nako Novemba ndiyo mitihani ya CAT, ndiyo kazi za muhula, ndiyo foleni ya kuulizia kama karo imeingia. Mimi nasomea diploma ya usimamizi wa vyama vya ushirika katika chuo ambacho sitakitaja, kwa kuwa bado kinashikilia alama zangu. Siku nne kwa wiki nateremka kwa matatu, siku zilizobaki niko chini ya serikali ya Mwaitu. Walimu wetu walipenda kutuonya kwamba mshika mawili moja humponyoka. Hawakusema lolote kuhusu mshika matatu, nikadhani inaruhusiwa.

Aliyeniingiza ni mwenzangu wa darasani, msichana msomaji kweli kweli. Mwishoni mwa Oktoba 2025, tukiwa kwenye matatu, alinieleza kuwa duniani kuna watu mamia ya maelfu ambao wameujaribu mchezo huu, kwamba ukiandika maneno 50,000 kabla ya Novemba kwisha umeshinda, hata kama riwaya yenyewe ni takataka. Nilipenda hapo pa takataka. Hakuna mtihani wangu wowote wenye masharti mepesi kama hayo. Nikakubali kabla hatujafika stejini, na hesabu nikaifanya baadaye, kama mtu anayekopa kwa simu. 50,000 kwa siku 30 ni 1,667 kila siku, Jumapili ikiwemo, siku ya mazishi ikiwemo.

Na hapo ndipo nilipogundua dhuluma nyingine, ambayo nashangaa hakuna Mswahili aliyewahi kuipeleka mahakamani. Mchezo huu hauhesabu mambo uliyosema, unahesabu maneno. Mimi nikiandika "hatukumwambia," hilo ni neno moja. Mwingereza kulisema jambo lilo hilo anapata maneno matano, kavu, bila jasho. Nikiandika "nilipomwandikia," moja. Yeye tano tena. Kwa hiyo kijana wa San Francisco na mimi tukisimulia kisa kimoja, yeye anafika 50,000 huku mimi nikiwa nahangaika katikati, nimechoka vilevile. Nilitaka punguzo. Hata thelathini elfu ningeridhika.

Asiyepewa punguzo hujipunguzia mwenyewe. Shuleni mwalimu wetu wa Kiswahili alitukaza tusitumie "ambaye" ovyo pale ambapo kirejeshi kifupi kinatosha. Novemba nilifunga ndoa na "ambaye." "Aliyekuja" ni neno moja, "mtu ambaye alikuja" ni matatu, faida ya mia mbili kwa mia, na wala hulipi ushuru. Vihusishi navyo nikavitumikisha. Mhusika wangu, Muli, hakupita tu mlangoni, alipita kwenye mlango wa mbele wa nyumba ya mama wa shemeji yake.

Lakini mgodi wenyewe wa dhahabu ulikuwa salamu. Katika riwaya za Kizungu watu wawili wakikutana, mmoja anatamka neno, mwenzake anatamka neno, kisa kinaendelea. Hao hawajui utajiri walionyimwa. Muli wangu alikutana na shemeji yake njiani katika sura ya pili, wakasalimiana maneno 340. Waliuliziana wazee, watoto, mvua, kisha ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Ng'ombe walikuwa watatu mwanzoni. Siku niliyorudi kutoka CAT ya takwimu nimechoka kupindukia, wakawa tisa.

Nyumbani habari haikupokewa vizuri. Nau, baba yangu, ambaye husema mara moja kwa wiki, aliposikia kuna kitabu kinaandikwa chini ya paa lake alishusha kikombe cha chai akauliza, "Ni kama vile vya Maillu?" Lilikuwa swali zito. David Maillu ni mzaliwa wa Kilungu, si mbali na huku kwetu. Miaka ya sabini alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha, Comb Books, akatoa vijitabu kama *My Dear Bottle* na *After 4.30* vilivyouzwa kama maandazi ya asubuhi, na Tanzania wakavipiga marufuku. Kizazi cha Nau kilivisoma vikiwa vimefichwa ndani ya kitabu cha jiografia. Nikamhakikishia kwamba changu kina wizi tu, hakina mambo. Akarudia chai yake. Nadhani alivunjika moyo.

Mwaitu nilijaribu kumnasa kwa mfano mkubwa zaidi. Nikamweleza habari za Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025: kwamba alipokuwa mwanafunzi Makerere mwanzoni mwa miaka ya sitini aliandika riwaya mbili, moja akiwania nayo tuzo ya shindano la uandishi, na juu yake tamthilia iliyochezwa Kampala mnamo 1962, na digrii akaipata. Akasikiliza, jembe likienda. Nikaona nimalize kwa kishindo: nikamwambia kwamba mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika riwaya nzima kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni.

"Makerere walikuwa wakipalilia?" aliuliza.

"Hapana, Mwaitu. Walikuwa wanapikiwa."

"Na Kamiti, mama yake alikuwa na ruhusa ya kuingia kumwita shambani?"

"Hapana, Mwaitu."

"Basi. Shika ule mstari wa karibu na mparachichi."

Susu, nyanya yangu, ndiye aliyeniumiza zaidi, tena kwa upole. Aliniuliza hadithi yangu inahusu nini. Nikamsimulia: Muli, mweka hazina wa chama cha ushirika cha kahawa, anaiba pesa za wakulima, mkewe anajua, shemeji yake anashuku. Akanisikiliza hadi mwisho, ikachukua kama dakika nne. "Ni nzuri," alisema. "Mbona basi unataka mwezi?" Akaniambia kwamba zamani yeye akibandika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, jioni alianza hadithi ya fisi, na kabla muthokoi haijaiva fisi ameshakula, ameshalia, ameshakufa. Sikuwa na jibu. Ni kweli muthokoi huchukua muda, lakini si mwezi.

Nikawa naandika usiku, kwa simu, kwa dole gumba. Laptopu ninayo, ila betri yake ilikwisha kufariki, hukaa hai kwa waya tu, na stima Novemba huku kwetu huwa kama mgeni mwenye haraka. Mvua ya mwaka huo haikuwa ya kujivunia, lakini wingu moja tu likipita juu ya Mbooni taa zinaaga. Dole gumba lenyewe lilikuwa na lengelenge la jembe. Mtu akisoma riwaya yangu akaona mahali ambapo Muli anakasirika bila sababu, ajue hapo lengelenge lilipasuka.

Sasa kazi ya muhula. Swali lilikuwa hili: jadili udhaifu wa udhibiti wa fedha katika vyama vya ushirika na jinsi ya kuurekebisha, maneno 2,000. Nilipoliona nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kwa majuma mawili sikuwa nimefanya kitu kingine usiku ila kumfundisha Muli kuiba. Nilikuwa nimeuliza wazee, nimekaa na wapima kahawa, nimechora hata ramani ya ofisi yake. Nikakaa nikaandika kwa kikao kimoja: stakabadhi zinazotolewa kwa vitabu viwili, mizani inayolala kilo mbili kila debe, wakulima hewa wenye namba za uanachama za marehemu, mbuni inayouzwa kwa jina la binamu. Ilitiririka. Maneno 2,000 yakatimia nikiwa bado sijamtoa Muli ofisini.

Wiki iliyofuata karatasi ikarudi. Chini ya ukurasa wa mwisho mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Marekebisho yako wapi?" Na chini yake, "Nione ofisini."

Nikaenda. Alifunga mlango, jambo ambalo halifanyi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kwetu kuna mtu aliye kwenye kamati ya ushirika wowote. Nikasema hakuna, Mwalimu. Mjomba je? Hakuna. Basi haya yote, hasa ile ya namba za marehemu, nimeyatoa wapi? Nikamwambia ukweli, kwamba ni riwaya, na kwamba sehemu ya marekebisho sikuweza kuiandika kwa sababu Muli alikuwa bado hajakamatwa, angekamatwa sura ya kumi na nne. Aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema nina hadi Ijumaa kumkamata.

Nikamkamata usiku wa Alhamisi, kwa haraka, katika aya nne: ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka, mkutano mkuu wa wanachama, sahihi tatu badala ya moja kwenye kila hundi, mizani kupimwa mbele ya watu. Alama zikawa nzuri. Riwaya ndiyo iliyokufa. Mwizi akishakamatwa kufikia tarehe 20, siku kumi zilizobaki unaziandikia nini? Nilijaribu kumtorosha seli, lakini yale marekebisho niliyoyaandika yalikuwa mazuri mno. Nilijifungia njia mwenyewe.

Tarehe 23 nikapiga hesabu. Nilikuwa na maneno 31,412, kati ya hayo sijui mangapi ni ng'ombe. Kwa siku hiyo nilitakiwa niwe na 38,341. Nadaiwa 6,929, na kesho yake kuna CAT. Nikampigia simu yule mwenzangu aliyeniingiza, anitie moyo. Akacheka. Yeye aliacha tarehe 4, akasahau kunijulisha.

Nikanunua bando la shilingi ishirini, nikasema angalau niwaandikie wenyewe wa mchezo, niwaeleze habari za "hatukumwambia," niwaombe lile punguzo. Hapo ndipo nilipojua kwamba shirika lao lilitangaza kufunga kazi tarehe 31 Machi 2025. Miezi saba kabla sijaandika neno la kwanza. Hakukuwa na mshindi, hakukuwa na cheti, hakukuwa na wa kumlalamikia. Nilikuwa nimekesha wiki tatu nikishindana katika mashindano ambayo wenyewe walishakunja jamvi.

Nilimweleza Mwaitu asubuhi yake, nikitegemea walau "pole." Aliinua kichwa kwa mara ya kwanza mwezi huo, akatazama upande wa juu wa shamba, ambako magugu ya awamu ya pili yalikuwa yameshaanza.

"Kwa hiyo jioni huna kazi," alisema.

Kama kuna mtu anafikiria kuufufua mchezo huu, nina ombi moja tu kwake, na naliwasilisha kwa niaba ya vijana wote wa Mbooni wenye simu na dole gumba: uwe Agosti. Agosti hakuna mvua, hakuna magugu, na mahindi yameshaingia ghalani. Wazo hili nimemdokezea Mwaitu. Amesema Agosti tuna matuta ya kuchimba.