Kupita Bila Kupingwa

Eti watu wa Ikungi ni wavivu wa kupiga kura! Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kiti cha ubunge cha jimbo lao, Singida Mashariki, kiko wazi. Mbunge mwenyewe, Tundu Lissu, alikuwa Ubelgiji akitibiwa majeraha ya risasi alizopigwa Dodoma Septemba 2017. Tume ya Uchaguzi ikapanga uchaguzi mdogo Julai 31. Kura ya ubunge haikupigwa: Miraji Mtaturu wa CCM alikwishapita bila kupingwa. Mbunge wakampata, wino hawakuuona, na alizeti zao wakapura bila kusumbuliwa na foleni. Sasa mnawaletea semina ya kuhamasisha wapiga kura, na posho mnakula nyinyi. Safari ijayo, tafadhalini, anzeni kumhamasisha mgombea wa pili.