Bajeti ya Ughaibuni

Siku hizi hata Kiriba watu wanapanga likizo ya Ulaya. Hongera zao. Nimeonyeshwa bajeti ya mmoja wao, imeandikwa nyuma ya daftari la mauzo ya dagaa: pasipoti 150,000, tiketi, hoteli, na fungu la "mavazi ya picha" linalozidi la chakula. Viza ya Schengen, euro 90, kaiandika kwa penseli. Huenda anadhani akinyimwa atafuta. Pesa hiyo hairudi, bwana.

Fungu la ndugu halimo. Shangazi mwenye namba ya kiatu, mjomba anayengoja simu, na msafara mzima utakaomsindikiza hadi stendi ya Bweri, hao watakula picha.

Upande wa mapato una neno moja tu: michango.

Wazungu wanamwaga dola kuona nyumbu wa Serengeti. Yeye hupita geti la Ndabaka kila aendapo Mwanza, akisinzia. Wanyama, anasema, si likizo.

Kwangu asilete kadi. Akivuka Sirari tu yuko nje ya nchi, na nauli ya huko anayo.