Fufua Injini ya Subaru Mwenyewe, Ukisaidiwa Kimyakimya

Injini ya Subaru Impreza WRX yako imenoki. Ile ko-ko-ko inayopanda kila ukikanyaga mafuta huwezi kuizima kwa redio. Tulia, rafiki yangu. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000, na vijana wa Nairobi hawajapona mpaka leo. Wewe unataka kufungua boneti mbele yao useme, "Hii nimeifunga mwenyewe." Ni haki yako. Zipo njia za mkato za kukufikisha hapo. Ipo pia mikato miwili mitatu itakayoiua injini tena kabla ya mwezi kuisha.

1. Gawa kazi kabla ya kushika spana. Kufungua, kuosha, kupima na kufunga ni kazi yako. Kuchonga silinda, kusawazisha hedi na kusugua kranki ni kazi ya karakana yenye mashine. Mashine hizo huna, na ukizinunua utakuwa umefungua biashara nyingine. Lipa, chukua risiti, nyamaza. Watakaokuja kuangalia gari watauliza nani aliifunga injini. Nani aliisugua kranki, hakuna atakayeuliza.

2. Usinunue beringi kwanza. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anashuka Kirinyaga Road na furaha yake, anarudi na seti ya beringi za standadi, kisha fundi wa mashine anamwambia kranki imelika na lazima isuguliwe. Sasa anahitaji beringi nene zaidi, na muuzaji hapokei mzigo uliofunguliwa. Peleka kranki ipimwe, ndipo uandike orodha: beringi, ringi, seti ya gasketi, pampu ya oili, pampu ya maji, mkanda wa taiming pamoja na roli zake. Tikisa shafti ya tabo pia. Ikicheza, iongeze kwenye orodha. Jumlisha, weka na akiba ya yale usiyoyaona, kisha ulizia bei ya injini ya mtumba kutoka Japani. Mtumba ukiwa nafuu kwa mbali, nunua huo, ubadilishe mkanda na sili, na uisimulie kazi hiyo kwa kirefu. Huko ndiko kushindwa kwa heshima, na gari litatembea.

3. Azima vikubwa, nunua vidogo. Winchi na stendi ya injini ni vya kuazima au kukodi; utavitumia siku mbili tatu tu. Torki renchi nunua yako, iliyo nzuri, wala usimwazime mtu. Ongeza soketi ya mm 14 yenye pembe 12 kwa bolti za hedi, fila geji, na ufunguo wa aleni wa mm 14. Huo wa mwisho utauhitaji sasa hivi.

4. Weka nyundo mbali. Bloku ya EJ20, injini ya WRX yako, ni nusu mbili zilizobana kranki katikati, na silinda zake nne zimelala mbili huku, mbili kule. Utafungua bolti zote, uvute, na bloku isiachane. Wengi hapo huanza kugonga. Kinachoishikilia ni koneti, ambazo bado zimeunganishwa na pistoni zilizo ndani. Tafuta vizibo vya duara kwenye bloku, vifungue kwa ule ufunguo wa aleni, umulike tochi ndani. Zungusha kranki polepole mpaka pini ya pistoni ikae sawa na tundu. Utaona klipu nyembamba ya waya. Ing'oe kwa koleo la mdomo mrefu, kisha ivute pini. Itagoma, kwa sababu oili ya zamani imeigandisha. Vuta bila papara, uandike namba kwenye kila pistoni na upige picha. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, maana hapa injini hukuonyesha ilivyofikiriwa.

5. Ibia kwenye urembo. Menifoldi ipake rangi nyekundu kama ya STI, na nusu ya sifa umeshapata. Kava za valvu zioshe kwa petroli tu. Lakini kule oili inakopita, usilete mchezo. Injini iliyonoki husambaza vumbi la chuma, na kwenye hizi za tabo vumbi hilo huingia kwenye kipoza oili kilicho nyuma ya filta. Huwezi kukiosha kikatakata. Kitupe, uweke kipya. Ukikirudisha, beringi zako mpya zitakunywa chuma kilekile.

6. Pima kwa uzi. Kuna uzi wa plastiki wa kupimia beringi, na bei yake haikuumizi. Lalisha kipande juu ya kranki, funga kepu ya koneti kwa torki kamili, usiizungushe, kisha fungua. Uzi utakuwa umebonyea. Linganisha upana wake na mistari iliyo kwenye pakiti, na utajua nafasi ya oili kwa sehemu za mia za milimita. Usifunge kwa kukisia. Bolti za hedi nazo hukazwa, hulegezwa, hukazwa tena, kisha humaliziwa kwa kuzungushwa nyuzi zilizoandikwa kwenye mwongozo wa gari. Fuata mpangilio huo neno kwa neno.

7. Usiiwashe kwa pupa. Chomoa waya wa sensa ya kranki, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, kisha rudisha waya na uwashe. Endesha kilomita chache, mwaga oili, ukate filta na utandaze karatasi yake juani. Ukiona vipande vinavyong'aa rangi ya shaba, fungua tena kabla haijanoki. Karatasi ikiwa safi, waite wenzako na ufungue boneti.