Mfupa wa Muundi Umepigwa Eksirei

 

Juzi mfupa wangu wa muundi ulipigwa eksirei. Mama, usianze kulia, sijavunjika. Ni mfupa wa plastiki wa kusomea, ulikuwa ndani ya begi, na hapa Delhi hupandi treni ya mjini kabla begi lako halijapita kwenye mashine, kila kituo. Kwenye skrini ukatokea mguu bila mtu.

Mlinzi akauliza kwa adabu ni nini. Chuoni tunafundishwa kwa Kiingereza, wagonjwa wanaumwa kwa Kihindi, mimi katikati naongea kwa mikono. Bahati nzuri nilikuwa nimeokota neno kwenye kamusi: antarjanghika. Neno safi la kitabuni, lina asili ya Kisanskriti. Nikalitamka kwa sauti ya mtahiniwa aliyekutana na swali alilolikariri. Foleni ikaangua kicheko. Antar ni ndani. Jangh, kwa Wahindi wa leo, ni paja. Kwa Kisanskriti cha kale ilikuwa chini ya goti, ila kwenye ile foleni hakuwepo mtu wa enzi hizo. Nikawa nimemtangazia askari habari za ndani ya paja langu.

Mzee mmoja akaniokoa: “Nalli!” Wote wakaelewa, na nadhani wakaona njaa. Nalli ni mfupa wa mguu wenye uboho, ule unaotiwa kwenye nihari, mchuzi unaotokota usiku kucha ukaliwa asubuhi. Mlinzi akabakiza swali moja: “Asli ya nakli?” Asili au nakala! Hilo nililijibu bila kamusi.

Sasa sikilizeni sheria. Kanuni za treni hizi za mwaka 2014 zina orodha ya vitu vinavyochukiza. Mizoga hairuhusiwi. Mifupa hairuhusiwi, isipokuwa iliyosafishwa na kupaushwa. Viungo vya mwili wa binadamu hapana kabisa. Kwa hiyo mfupa halisi wa maabara, mweupe pee, mstari mmoja unaukaribisha na mwingine unaufukuza, na abiria asimame mlangoni akingoja mistari ipatane. Matambara nayo ni marufuku, isipokuwa yenye mafuta. Nimeisoma mara mbili. Fundi wetu wa gereji pale kona angepita kifua mbele, na Bibi na kitambaa chake kisafi cha jikoni angerudishwa nyumbani. Wa plastiki hautajwi popote; nimepita kwa kusahauliwa.

Neno la yule mzee lilinisumbua tumbo hadi Jumapili nikaenda kula nihari mitaa ya msikiti wa Jama Masjid. Ukiletewa bakuli, mafuta mekundu juu, tangawizi, pilipili mbichi na limau pembeni, unajua kabisa kwamba makongoro ya Kariakoo yana ndugu huku. Jirani yangu mezani alikuwa anagonga mfupa kwenye sahani uboho utoke, ko ko ko, bila aibu, na mimi nikageuka kumtazama Baba, nikasahau kwamba yuko nyumbani. Nikaomba mkate wa pili ili nisionekane nimeshangaa.

Mama, ule mpango wa dagaa wa Kigoma kupitia mtu anayekuja mwezi ujao, tuusimamishe kwanza. Nimeirudia ile orodha, na ukiwatazama kwa jicho la sheria, kilo mbili za dagaa ni mizoga mingi mno.