Sifa za Noti Iliyochanika

Tuseme ukweli ambao wenye pochi za ngozi hawaupendi: katika pesa zote zilizo mikononi mwa Watanzania, mchapakazi ni noti iliyochanika. Noti mpya ni mwinyi. Ikitoka kwenye mashine ya benki inanyooshwa, inawekwa kando isubiri kutunza maharusi, au inatumbukizwa kwenye kibubu, na muda wote huo hainunui hata fungu la mchicha. Buku, yaani noti ya shilingi elfu moja, likichanika halina anasa hiyo. Anayelipata asubuhi anawaza namna ya kulitoa kabla ya adhuhuri. Atalipia daladala, konda atalipenyeza kwenye chenji ya abiria wa kituo kinachofuata, abiria atalipeleka gengeni, mwenye genge atamrudishia mteja wa vitunguu. Kabla jua halijawa kali, noti moja imesafirisha, imelisha na imelipa deni, ilhali msimbazi mpya wa elfu kumi bado umelala mfukoni ukinukia wino.

Wachumi walilijua hili zamani. Kanuni iliyopewa jina la Thomas Gresham, mfanyabiashara Mwingereza wa karne ya 16, inasema kwamba pesa mbovu huifukuza pesa nzuri sokoni. Kwa kawaida husomwa kama lawama, lakini maana yake ni kwamba mbovu ndiyo inayobaki kazini. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa ushahidi mwaka 2014, ilipoleta sarafu ya shilingi 500 ishike nafasi ya noti, kwa kuwa noti ya jero ilichakaa upesi mno kwa kupita mikono mingi. Mwaka 2025 ukaja ushahidi mwingine. Noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 zilipewa miezi mitatu, tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili, ziwe zimerudishwa benki. Baada ya hapo si malipo halali. Noti iliyofungiwa sandukuni miaka 20, safi, haina hata kunyanzi, iliamka tarehe 6 Aprili haina thamani. Siku hiyohiyo buku la toleo la karibuni, selotepu na yote, lilikuwa sokoni likinunua nyanya.

Zaidi ya hayo, noti hii inafundisha. Konda huikunja kwa urefu, ufa ukiwa ndani, akaibana katikati ya noti mbili nzima. Mpokeaji mzoefu huikunjua, akaiinua kwenye mwanga, akapapasa selotepu kwa kidole gumba, akalinganisha namba za pande zote mbili, maana iliyoungwa kwa vipande vya noti mbili tofauti ni ya wizi. “Hii haiendi, nipe nyingine.” “Itaenda, kaka, mbona mimi nimepewa?” Katika majibizano hayo mafupi yamo yote yanayofundishwa vyuoni kuhusu pesa: ina thamani kwa kuwa mimi naamini kwamba wewe utaamini kwamba wa mbele yako ataipokea. Noti mpya inapita bila mtu kuliwaza jambo hilo. Iliyochanika inapigiwa kura upya kila inapobadilisha mkono, na kwa kawaida inashinda.

Mpinzani wa kwanza ni mpenda dola. Lubumbashi, atasema, dola yenye ufa wa ukucha inakataliwa, na hiyo ndiyo nidhamu ya pesa. Kweli inakataliwa, na dukani humohumo faranga ya Kongo iliyolegea kama tambara inapokelewa bila maswali. Lakini mwenye dola yake hana ukali huo: Marekani, idara inayochapa dola hulipa thamani kamili ya noti iliyoungua au kutafunwa na panya, mradi zaidi ya nusu yake imebaki na inatambulika. Dola inadaiwa urembo ugenini kwa sababu wa kuibadilisha yuko mbali. Mpinzani wa pili atatuhamishia kwenye simu, ambako pesa haichaniki. Sawa, ila huko kuna makato, na buku bovu halijawahi kumkata mtu senti.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito: noti mbovu ipelekwe benki ikabadilishwe. Ushauri ni sahihi kabisa kwa anayeishi mtaa wa pili kutoka benki. Ofisi za Benki Kuu ziko Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar, na hata tawi la benki ya kawaida, kwa wakulima wengi, ni safari ya bodaboda na basi. Nauli ikizidi buku lenyewe, mwenye akili atalikunja vizuri na kwenda nalo mnadani. Ndiyo maana noti mpya hukaa na walio karibu na benki, na mbovu hukaa na walio mbali, ikibeba gharama ambayo benki haikuibeba. Anayetaka kuistaafisha kwa heshima asiwahubirie wauza nyanya juu ya utunzaji wa noti. Awape mawakala wa benki, ambao wamekwisha kuenea hadi vijijini, wajibu wa kuipokea na kutoa nyingine palepale kibandani. Siku hiyo sifa hizi zote zifutwe, na wa kwanza kushangilia atakuwa konda.