Kuku Mmoja, Madaktari Mtaa Mzima

Kuku wangu anaumwa, na ugonjwa wenyewe haujulikani. Amejikunyata kwenye kona ya banda, manyoya yamemsimama, macho nusu yamefumba, mabawa yanaburuza kama kanga iliyolegea kiunoni. Pumba hagusi. Hata dagaa, ambao siku nyingine angewafuata mpaka ndani ya sufuria, anawatazama tu. Hapo ndipo niliposhtuka.

Hapa kwetu Tabata ukiugua mwenyewe unapewa pole, watu wanaendelea na shughuli zao. Akiugua kuku wako, mtaa wote unageuka jopo la madaktari bingwa. Jirani wa kushoto alisema ni kideri, na aliyasema hayo akiwa kwao, kichwa tu kimechungulia juu ya ukuta. Mama wa vitumbua akaleta shubiri, akaikatakata kwenye maji ya banda zima. Sasa hata kuku wazima wanagoma kunywa kwa uchungu. Fundi baiskeli akaja na pilipili kichaa na majivu. Mzee mmoja ambaye sijapata kumwona hata na kifaranga akasema kuku karogwa. Nikamuuliza, mzee wangu, mchawi gani huyo anayemwacha mwenye mali akamroge kuku? Akanitazama kwa huruma, akasema, "Wewe subiri."

Na kila anayeondoka huacha swali lile lile mlangoni: "Si bora umchinje mapema, kabla hajajifia?" Mjomba wangu yeye hakuzunguka. Alimbinya kidari mgonjwa, akatangaza kuwa nyama bado ipo, na akaagiza firigisi aachiwe yeye. Mjomba, kuku asiyejulikana anaumwa nini unataka kumla na ugali?

Nikaenda duka la dawa za mifugo. Kijana wa dukani hakuuliza kuku anakula, hakuuliza kinyesi kina rangi gani. Alichukua pakiti ya unga wa OTC, akataja bei. Basi. Unga huo ni antibayotiki, na kideri kinaletwa na virusi, hakina tiba. Ungemwaga gunia zima usingekitisha. Tena mayai ya kuku anayenyweshwa dawa hiyo hayaliwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Hilo nalo kijana hakulitia mdomoni. Wangapi mtaani wanakaanga chipsi mayai yenye dawa, sijui, na sitaki kufikiria.

Bwana mifugo alichelewa, lakini yeye angalau alimshika mgonjwa. Alitazama kinyesi: hakikuwa cha kijani, hakikuwa na damu, kilikuwa cheupe cha majimaji. Shingo haikupinda. Upanga haukuwa na vidonda vya ndui, uso haukuvimba kwa mafua. Akajikuna kidevu.

"Mzee, ili tujue kwa uhakika, inabidi apasuliwe."

"Apasuliwe, halafu ashonwe?"

"Hapana. Akishakufa. Tunaangalia maini, bandama, utumbo."

Yaani kipimo cha kuaminika cha kuku kinamtaka kwanza awe marehemu! Mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, katika maelezo yote yale alisikia neno moja tu: maini.

Maagizo mengine yalikuwa ya akili. Mgonjwa atengwe, apewe maji safi yasiyo na shubiri ya mtu. Akifa achomwe au azikwe, asitupwe jalalani wala asigeuzwe mchuzi. Na wazima wote wa mtaa wapate chanjo ya kideri ile ya I-2, tone moja jichoni, irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Mgonjwa hachanjwi.

Hapo ndipo ninapowahitaji nyie madaktari wangu. Kichupa kidogo nilichoonyeshwa kinatosha kuku 100, na kikishafunguliwa hakiwekwi akiba. Mimi sina kuku wa kukimaliza. Bwana mifugo amekubali kupita nyumba kwa nyumba Jumamosi alfajiri, kwangu atamalizia ili asiwabebee ugonjwa. Msiwafungulie kuku mpaka apite, na mchango wa chanjo muwe nao mkononi. Pilipili na majivu bakini navyo.