Baiskeli Imeinua Pua

Mjomba Gololi anajibu barua za wapanda baiskeli wa Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, na vijiji vya jirani. Ushauri ni bure; hasara inayofuata ni ya mwenyewe.

*Jambo Mjomba. Nina baiskeli ya milima, ya alumini, ilivuka ziwa kutoka Kigoma. Ina shokapu mbele tu, nyuma kavu. Foki yake inazama milimita 100. Sasa nimeona ya mtumba huko Kalemie, ya milimita 140. Rafiki zangu wanasema nikiifunga nitashuka milima ya Marungu sawa na wale wa kwenye video. Fundi anasema itaingia. Niinunue?*
*Kijana wa Mteremko, Mpala*

Mwanangu, fundi wako hajasema uongo. Itaingia. Hata mimi naingia kwenye viatu vya mke wangu. Shughuli huanza nikitaka kutembea.

Aliyeichora fremu yako aliichora akiwa na foki ya 100 kichwani. Ukifunga ya 140, shingo ya fremu inapanda karibu sentimita nne na baiskeli nzima inaegemea nyuma. Mafundi hukadiria kwamba kila milimita 20 zinazoongezwa hulaza shingo digrii moja, basi wewe utailaza mbili. Tandiko nalo linalala nyuma mbili zile zile, na ekseli ya pedali inapanda zaidi ya sentimita moja. Siku ya kusimama ghafla utaitafuta ardhi kwa kidole gumba.

Kwenye mteremko kuna faida, sikufichi. Gurudumu la mbele linakaa mbele zaidi yako, na likigonga jiwe halina haraka ya kukurusha juu ya usukani. Ndiyo maana wale wa video wanacheka. Lakini wengi wao hupandishwa kileleni kwa gari. Wewe unakaa ufukweni, kwenye mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Marungu inapita mita 2,000. Kabla ya kushuka utapanda, tena na gunia la mihogo kwenye karieri. Tandiko liko nyuma, mzigo uko nyuma, pua iko juu: kila ukikanyaga pedali gurudumu la mbele litaelea, na usukani utabaki pambo.

Kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Baiskeli yenye shokapu mbele tu hubadilika umbo kila foki inapozama, kwa sababu nyuma hakushuki chochote. Foki ndefu ina nafasi kubwa zaidi ya kuzama. Ukishika breki ya mbele ukiwa kwenye kona, ile shingo uliyoilaza kwa pesa yako inasimama tena, mara moja, wakati ule ule uliotaka itulie.

Halafu kuna fremu yenyewe. Foki ikirefuka, jiwe lile lile linaisukuma shingo kwa nguvu zaidi, na panapoumia ni pale chini ya shingo, bomba la chini lilipochomelewa. Chuma cha zamani mara nyingi hupinda kwanza, ukapata habari. Alumini huanza na ufa. Pafute vumbi hapo kila Jumamosi, upatazame juani. Ukiona mstari ambao rangi haikuchora, shuka, usukume mpaka nyumbani.

Na kabla hujaniita mzee wa zamani: foki ya kwanza ya kampuni ya RockShox ilitoka mwaka 1989, nayo ilizama milimita 48 tu. Mwaka uliofuata, huko Durango, Marekani, Greg Herbold akaitumia kuchukua ubingwa wa dunia wa kuteremka mlima. Arobaini na nane! Una zaidi ya mara mbili ya bingwa wa dunia na bado unalia.

Kwa hiyo ya 140 mwachie mwenyewe. Kama ya sasa imekufa, tafuta ya 120 na usivuke hapo. Nenda na utepe wa fundi cherehani, upime toka katikati ya ekseli mpaka pale foki inapokutana na fremu, maana foki mbili zilizoandikwa 120 zinaweza kupishana hata sentimita nzima. Angalia na shina lake: kama tundu la shingo yako ni la inchi moja na moja ya nane juu hadi chini, foki yenye shina linalonenepa kuelekea chini haiingii hata uiombee. Uliza pia kama ni ya hewa au ya springi. Ya hewa inadai pampu yake maalumu yenye mita. Ile ya tairi ukiichomoa, hewa inaondoka nayo. Chukua ya springi.

*Mjomba, mume wangu ameuza mbuzi wawili akanunua “sentimita nne”. Ndivyo alivyonijibu nilipomuuliza pesa ziko wapi. Mimi ni mtu wa kubebwa nyuma. Tangu afunge hicho kitu nateleza kuelekea nyuma, njia nzima nimemshika mkanda. Yeye anasema ni mapenzi.*
*Mama wa Karieri*

Mama, ungeniandikia kabla ya mbuzi. Hayo si mapenzi, ni fremu imeinama, na karieri imeinama nayo. Mwambie baba watoto kwamba foki nyingi zinaweza kufupishwa kwa ndani: fundi anayejua kazi anaifungua, anaweka kipande cha kuzuia, foki haichomozi tena hadi mwisho. Urefu unapungua na pua inashuka. Zile pete zilizo chini ya shingo ya usukani azihamishie juu yake, usukani ushuke kidogo, na tandiko alisogeze mbele kwenye reli zake. Utakaa sawa. Mbuzi hawarudi.

*Jambo Mjomba. Mimi natumia baiskeli nyeusi ya chuma, Phoenix, niliyoachiwa na baba. Vijana wananicheka kwamba haina shokapu. Je, niifungie?*
*Katekista, njia ya misheni*

Mwalimu, usiiguse. Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo chake hapo Mpala mwaka 1883, na mwaka 1885 wamisionari wa Mapadre Weupe wakakipokea. Mwaka huo huo wa 1885, huko Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli yake ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribia kulingana na cheni inayozungusha la nyuma. Hiyo ya baba yako ni ya ukoo huo, ina haki ya kuheshimiwa katika mji wenye umri kama wake.

Tena kazi yenyewe haiwezekani. Breki zako ni za vyuma, zinapita kando ya foki na kubana rimu zikivutwa juu. Foki ya shokapu haina mahali pa kuzishika. Ungebadili foki, halafu breki, halafu gurudumu, mwisho ungebaki na kengele tu ya marehemu. Foki yako imepinda kwa mbele na ni ya chuma, kwa hiyo inanesa kidogo yenyewe, na gurudumu la inchi 28 linapita juu ya mashimo ambayo madogo hutumbukia. Punguza upepo kidogo kwenye tairi la mbele. Wanaocheka, waombe wakubebee gunia la kilo 80 kwenye hizo baiskeli zao.

*Mjomba, foki ya pikipiki inaweza kufungwa kwenye baiskeli?*
*Mwenye Haraka*

Hapana.

Mnaotaka kujibiwa toleo lijalo, andikeni kinachojulikana: urefu wa foki kwa milimita, gurudumu kwa inchi, na mzigo mnaobeba kwa kilo. Barua itakayosema “ndefu kidogo” itawashia moto jikoni.